Nankhatai za Karanga: Kuchambua Kwanza, Kupika Baadaye



Napenda leo tuzungumze jambo la jikoni. Kila Iddi inapokaribia, wazazi wa watoto wa madrasa yetu hapa Kansanga huniuliza swali lile lile: zile biskuti za karanga ambazo watoto hurudi nazo nyumbani zinapikwaje? Wengine huuliza kwa mshangao, kwani hawakutegemea kumwona Ustadh wa fiqhi na sira akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Hao huwakumbusha kwa upole kuwa Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), kama alivyotueleza Bibi 'Aisha (Radhiya Allaahu 'anhaa), alikuwa akishiriki kazi za nyumbani kwake na hakuona kuwa zinampunguzia hadhi. Sisi ni nani basi tuone haya kushika mwiko?

Mapishi nitayaeleza, inshaAllaah, na si magumu. Lakini nitakaa zaidi kwenye karanga zenyewe, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo kubwa kuliko utamu wa biskuti.

NANKHATAI NI NINI?

Biskuti hizi nimezijua kwa mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Mombasa. Nilisoma huko ujanani, nikaoa huko, na tuliporudi Kampala yeye alikuja na mapishi ya bibi yake kichwani. Watu wa pwani huziita nankhatai. Neno "nan" ni mkate kwa Kiajemi, na biskuti zenyewe asili yake ni Gujarat, India, hasa mji wa Surat. Wahindi walipovuka bahari kuja Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na hadi huku Kampala, walikuja nazo, na Waswahili wakazifanya zao kwa kuzidisha iliki.

Jamaa zake wako kila mahali. Waarabu wana ghuraiba, Waturuki wana kurabiye, na Waskoti wana biskuti yao ya siagi ambayo kanuni yake ni rahisi kuikumbuka hata kwa mtoto: sehemu 1 ya sukari, 2 za siagi, 3 za unga. Zote hizo siri yake ni moja. Hakuna maji na hakuna mayai. Mafuta huuvaa unga kabla haujapata unyevu, basi unga haupati kunata na kuvutika kama unavyofanya kwenye chapati. Ndiyo maana nankhatai humomonyoka mdomoni. Ukiukanda unga wake kama wa chapati utapata kitu cha kuvunja meno.

VIPIMO (hutoka kama 40)

Unga wa ngano - gramu 300 (vikombe 2 na nusu hivi)
Samli - gramu 180 (au siagi gramu 200)
Sukari ya unga - gramu 100
Karanga zilizochambuliwa, zikakaangwa, zikamenywa na kutwangwa kidogo - gramu 100
Iliki ya unga - kijiko 1 cha chai
Chumvi - chembe tu

NAMNA YA KUTAYARISHA NA KUPIKA

1. Piga samli na sukari kwa mwiko mpaka zigeuke nyeupe na nyepesi.
2. Chekecha unga pamoja na iliki na chumvi, utie humo, kisha tia karanga. Kusanya kwa vidole mpaka ushikane. Usikande.
3. Fanya viduara vya ukubwa wa ndimu changa, vibonyeze kidogo, na ukipenda weka nusu ya karanga juu ya kila kimoja.
4. Choma katika oveni ya moto mdogo, nyuzi 160, kwa dakika 20 hadi 25. Chini zigeuke rangi kidogo tu. Juu zibaki nyeupe.
5. Usizinyanyue zikiwa za moto, kwani zitavunjika. Ziache zipoe kwenye sinia, zitajikaza zenyewe.

Asiye na oveni asikate tamaa. Chukua sufuria nzito, tia mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, uipashe moto juu ya sigiri kwa robo saa. Weka vijiwe vitatu juu ya mchanga, sahani ya bati yenye biskuti juu ya vijiwe, funika, na upalie makaa machache juu ya mfuniko. Chini moto uwe mdogo. Tumepika hivyo miaka mingi, na mpaka leo mke wangu anasema zile za makaa zina harufu ambayo oveni haiijui.

Angalizo moja kwa wanaopikia watoto wa watu: wapo watoto ambao mwili wao haukubali karanga kabisa, na hata chembe huweza kuwavimbisha na kuwabana pumzi. Ulizeni wazazi kabla ya kugawa, na zao zipikwe mbali, kwa vyombo vingine, bila karanga.

KWA NINI KARANGA ZICHAMBULIWE?

Sasa tuje kwenye karanga. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta Afrika. Yetu ya asili ilikuwa njugu mawe. Lakini karanga imekuwa mwenyeji kuliko wenyeji. Hapa Uganda hulimwa sana mashariki na kaskazini, na mchuzi wa karanga juu ya matoke ni chakula cha tajiri na maskini. Mtoto wa Kampala huanza kula karanga karibu pale pale anapoanza kula chakula.

Karanga ina adui mmoja, naye ni unyevu. Ikivunwa mvua inaponyesha, ikaanikwa juu ya udongo, au ikatiwa kwenye gunia kabla haijakauka vizuri, huingiwa na kuvu. Kuvu hao wa jamii ya Aspergillus hutoa sumu ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Haina harufu na mara nyingi haina ladha. Wataalamu waliigundua baada ya msiba wa mwaka 1960 huko Uingereza, ambapo batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi, na ilipofuatiliwa ikaonekana wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil.

Msiseme hayo ni ya ndege wa Uingereza. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sababu hiyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie kwao, sababu ikiwa hiyo hiyo. Na hapa kwetu Uganda, tangu miaka ya 1960 watafiti walikuwa wakipima vyakula vya sokoni na kuvilinganisha na wagonjwa wa saratani ya ini.

Wanaokufa kwa ghafla ni wachache. Madhara makubwa ni yale ya polepole: kidogo leo, kidogo kesho, miaka na miaka, mpaka ini linaharibika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka sumukuvu katika kundi la 1, yaani vitu ambavyo imethibitika kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Ikikutana na virusi vya homa ya ini aina ya B katika mwili mmoja, hatari huongezeka mara nyingi zaidi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye karanga kwa viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ni sawa na gramu 1 ndani ya tani 100. Tazameni jinsi kilivyo kidogo!

Na moto? Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Kukaanga na kuchoma huua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuiacha huistahimili joto la jikoni kwa sehemu kubwa. Karanga mbovu ikikaangwa inakuwa karanga mbovu iliyokaangwa.

Katika hili kuna habari njema, alhamdulillaah. Sumu hii haienei sawa katika gunia zima. Mara nyingi imejikusanya ndani ya punje chache tu, nazo aghalabu huonekana kwa macho: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizoanza kuota, na zenye ukungu wa kijani au manjano. Ukiziondoa hizo kwa mkono, punje baada ya punje, umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Si yote, maana zipo punje zenye sumu ambazo sura yake ni nzuri, lakini ni sehemu kubwa.

KILO MBILI ZA RAMADHANI

Ramadhani moja ya karibuni wazazi walichanga pesa ili kila mtoto wa madrasa, na walikuwa 120, apate mfuko wa biskuti 5 siku ya Iddi. Biskuti 600 ni vipimo 15, na vipimo 15 vinataka kilo moja na nusu ya karanga safi. Baada ya kununua samli, unga, sukari na mifuko, pesa iliyobaki ilitosha kilo 2 za karanga. Tulizinunua sokoni. Nilitia mkono ndani ya gunia mpaka chini, zilikuwa kavu, na nyabo aliyeniuzia hakunificha chochote. Lakini kukauka leo hakukuambii zilikauka lini. Zinaweza kuwa zililoa shambani mwezi mzima kabla ya kufika kwake, naye hajui.

Siku ya 27 baada ya Alasiri tulikaa barazani na masinia, mimi, mke wangu, kina mama wanne na wanafunzi wakubwa, tukaanza kuchambua. Rundo la mbovu likawa linakua. Tulipopima, mbovu zilikuwa gramu 750, na nzima kilo moja na robo.

Mama mmoja, ambaye watoto wake watatu wanasoma kwetu na anawalea peke yake, alikuwa akilitazama lile rundo. Akasema, "Ustadh, hizo zote unazitupa? Nipe mimi. Nitazikaanga sana, nitazisaga, watoto watakula na matoke."

Nikamweleza habari ya sumu, na kwamba moto hauitoi. Hajjati mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, akaingilia: "Ustadh, wewe mwenyewe unatufundisha kuwa kutupa chakula ni israfu. Sisi tumekula karanga za namna hiyo tangu utoto, na tuko hai."

Yule mama naye akaongeza neno ambalo lilitunyamazisha wote. Akasema, "Mwenye pesa ndiye anayechagua punje. Mimi nachagua kati ya hizo na mchuzi wa maji na chumvi."

Ndugu zangu, hilo si swali la kujibiwa kwa mawaidha. Mwanamke yule alikuwa anasema kweli. Karanga mbovu hazipotei duniani kwa sababu mimi nimezikataa. Katika masoko mengi zile zinazokataliwa na wenye uwezo huuzwa kwa bei ya chini, husagwa, na zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuzijua. Zinaishia kwenye sahani ya asiye na uwezo wa kuchagua, na zaidi ya wote, mtoto wake.

Nilikumbuka mambo mawili ambayo huyafundisha kila mwaka. La kwanza ni ile habari mashuhuri aliyoipokea Abu Hurayrah na akaiandika Imam Muslim, kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka kilicholoa juu watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tazameni, jambo lenyewe lilikuwa unyevu uliofichwa katika chakula! Watoto hudhani habari hii ni ya wafanyabiashara peke yao. Lakini mwenye kutoa sadaka naye ana rundo lake, na ana juu yake na chini yake.

La pili ni makatazo ya Suratul-Baqarah kwa mwenye kutoa: asikusudie kibaya katika mali yake akakitoa, hali ya kuwa yeye mwenyewe angepewa kitu hicho asingekipokea ila kwa kufumba macho. Mimi zile karanga nilikuwa nimezikataa kwa watoto wangu. Ningempaje mwenzangu kwa watoto wake, tena nikajiita mtoaji?

Lakini kukataa kumpa zile mbovu kisha nikamwacha aende mikono mitupu nako kusingekuwa uadilifu. Nikasema atapewa kutoka kwenye zile nzima. Yeye akakataa, tena kwa haya, akisema hawezi kuchukua karanga za biskuti za watoto wa watu. Mke wangu hakubishana naye. Alichukua mizani, akapima nusu kilo, akazifunga kwenye mfuko na kumwekea mkononi. "Dada, chukua. Biskuti ni ya siku moja, mchuzi ni wa kila siku. Na wako ni watoto wa madrasa hii hii."

Kina mama wengine wakaitikia, na Hajjati akawa wa kwanza kusema, "Hilo ni sawa."

Zikabaki robo tatu ya kilo, na baada ya kukaangwa na kumenywa, gramu 700 hivi. Kila kipimo kikapata gramu 45 badala ya 100, na upungufu tukaujaza kwa nazi kavu aliyoileta mzazi mmoja. Tukapika siku mbili, kwa masufuria mawili na oveni ya gesi ya jirani, na zikatimia zote 600.

Na zile mbovu? Vijana waliuliza kama wawape kuku. Nikawaambia hapana, kwani sumu hii huwadhuru kuku pia, na ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu yake hutokea katika maziwa, yakarudi yale yale kwa mtoto. Tulichimba shimo, tukazizika pamoja na majivu. Israfu ni kukiharibu kile chenye manufaa. Kilichokwisha kuharibika hakina israfu tena, kina amana ya kukiondoa njiani mwa watu.

Siku ya Iddi mtoto mmoja alikuja na biskuti yake mkononi, ameivunja, anaichungulia. "Ustadh, mwaka huu karanga zimejificha!" Nikamwambia, "Ziko chache, lakini kila utakayoipata ni nzima." Akaridhika, akaenda zake kuzitafuta.

YA KUZINGATIA NYUMBANI

Nawausia wazazi wenzangu, nami nikiwa wa kwanza wa kuusiwa, mambo haya machache:

Kwanza, nunueni karanga za punje, msinunue zilizokwisha kusagwa msizozijua. Mkitaka za kusaga, zichambueni nyumbani kisha mzipeleke mashineni na msimame hapo.

Pili, chambueni mara mbili. Mara ya kwanza zikiwa mbichi, kwenye sinia jeupe na mwanga wa mchana. Mara ya pili baada ya kuzikaanga kwa moto mdogo na kuzimenya, kwani ganda likitoka na punje ikapasuka mtaona ndani yake. Ikiwa moja ni chungu mdomoni, itemeni, msiimeze kwa kuona haya.

Tatu, zihifadhini zikiwa kavu kabisa, juu ya meza au ubao na si sakafuni, mahali penye hewa. Za unyevu msizifungie kwenye mfuko wa plastiki.

Nne, wapeni watoto kazi hii. Mtoto wa miaka sita anaweza kuchambua, na macho yake ni makali kuliko yetu. Atajifunza subira, atajifunza afya, na atajifunza kuwa chakula kina haki ya kuangaliwa kabla ya kuliwa.

Tano, mnapotoa sadaka ya chakula, iwe Ramadhani au siku yoyote, toeni kwenye sinia la nzima. Ikiwa ni kidogo, toeni kidogo. Nusu kilo ya nzima ni bora kuliko kilo ya zile tulizozikataa sisi.

Na mwenye duka au meza sokoni anayesoma haya, namwomba kwa ajili ya Allah atenganishe mbovu na nzima kabla ya kuuza, na mbovu asizishushe bei bali aziondoe. Najua hasara ni yake na inauma. Lakini mnunuzi wa bei ya chini naye ana ini kama la mnunuzi wa bei ya juu.

Tunamwomba Allah aturuzuku chakula cha halali na kizuri, awahifadhi watoto wetu, na awape wasaa wale ambao leo hawana uwezo wa kuchagua. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.